Radhi za Mwalimu Rogers

Nchi hii tuna desturi nzuri ya kumpongeza mtu kabla hajafanya kitu. Mahafali ya kidato cha nne hufanyika Oktoba. Mtihani wenyewe Novemba. Yaani mtoto anavishwa mataji ya maua ya plastiki mpaka haoni mbele, anakata keki, anapigwa picha na ukoo mzima, shangazi zake wanagaragara mchangani kwa vigelegele, halafu wiki chache baadaye ndiyo anaingia chumba cha mtihani kuangalia kama alisoma. Ni sawa na kula pilau la harusi kisha ndiyo mshenga atumwe kwenda kuposa. Lakini pilau ni pilau, na hajapata kutokea mtu wa kulirudisha jikoni.

Mwinshehe wa kidato cha nne B alikula lake na akaongezwa. Alikuwa kijana mwembamba wa Mlali, shingo ndefu, masikio yenye njaa ya kusikia. Wazazi walimshusha mjini Morogoro akakae kwa shangazi yake Mafiga ili asome shule ya kata iliyokuwa jirani, na kwa miaka minne alisoma kweli, ila si vitabu. Alisoma watu. Alijua kukohoa kama mkuu wa shule. Alijua kupayuka kama mama muuza maandazi wa getini. Alijua kukoroma kama mlinzi, kwa sauti tatu, kulingana na saa za zamu. Ndoto yake ilikuwa redio. Chuo cha utangazaji kilitaka cheti, cheti kilitaka asipate sifuri, na kati yake na sifuri alisimama mtu mmoja tu, Mwalimu Rogers wa Hesabu.

Basi ikafika Ijumaa ya mwisho kabla ya mtihani. Ilianza vizuri mno, kwa sababu kila kitu siku ile kilikuwa cha mwisho. Walifagia uwanja mara ya mwisho, vumbi likapanda kuelekea milimani na hakuna aliyejali lilikotua. Walisimama mstarini mara ya mwisho, jua likiwachoma utosi uleule. Walikula ugali wa mwisho na maharage ya mwisho, pamoja na wale wadudu wadogo weusi ambao kwa miaka minne walikuwa nyama pekee waliyopewa bila kuchangishwa. Jackson, aliyeokoka kidato cha tatu na tangu hapo akawa anaombea hata chaki, aliinua sahani tupu juu akasema, "Bwana asifiwe, imekwisha." Darasa zima, Waislamu kwa Wakristo, likajibu, "Amina!" Hawakuwahi kukubaliana hivyo kwa lolote.

Lililobaki lilikuwa radhi.

Radhi ndiyo mtihani wa kwanza kabla ya mtihani. Watahiniwa wanajipanga mbele ya walimu, mmoja anasimama kwa niaba ya wote na kusema: kwa yote tuliyowakosea, kwa kujua na kwa kutokujua, tunaomba mtuwie radhi. Kisha kila mwalimu anajibu kuwa amesamehe. Mwanafunzi akiingia kwenye mtihani na kinyongo cha mwalimu mgongoni, hata kama amemeza kitabu na jalada lake, maswali yatamgeuka. Muislamu anaamini hivyo, Mkristo anaamini hivyo, na mwalimu wa Biolojia, asiyeamini kitu ambacho hakijapita chini ya hadubini, anaamini kuliko wote. Uzuri wa radhi ni kwamba haiyataji makosa yenyewe. "Kwa kujua na kwa kutokujua" ni kapu kubwa. Mnatupia humo kila kitu, mnafunika, mnakwenda zenu.

Aliyesimama kwa niaba alikuwa Latifa, binti wa Kondoa, mwenye sauti ya kusomea taarifa ya habari. Alisema maneno yale taratibu, akainamisha kichwa. Walimu wakaanza. Madam Theresia, mkuu wa shule, ambaye mkono wake wa kulia ulikuwa unafahamika na kila kiganja pale mstarini, alisamehe huku anafuta machozi kwa mkono wa kushoto. Mwalimu wa Kiswahili alisamehe kwa beti nne zenye vina. Mwalimu wa Biolojia alisamehe haraka haraka, akitazama saa. Mwisho akabaki Mwalimu Rogers.

Mwalimu Rogers alikuwa mtu wa Urambo, huko Tabora, mfupi, mpana, mwenye uso ambao haujawahi kumwambia mtu kitu. Madaftari ya wanafunzi aliyabeba kwenye kiroba cha unga, begani, mwendo wa mtu anayekwenda mbali. Aliwatazama kuanzia mwanzo wa mstari hadi mwisho.

"Mimi," akasema, "sijasamehe mtu."

Akatupia kiroba begani, akaondoka.

Madam Theresia alitoa kile kikohozi chake, akasema, "Mwalimu amechoka. Nendeni mkapumzike," kisha akakimbilia ofisini kwa mwendo wa mtu ambaye naye hajui.

*

Hawakwenda kupumzika. Walijifungia darasani, wakakaa juu ya madawati waliyoyaaga asubuhi.

"Tukumbuke," alisema Latifa. "Tangu kidato cha kwanza. Tumemfanya nini huyu mtu?"

"Tumfanye nini? Yeye ndiye alitufanya," alisema mmoja wa nyuma. "Mimi nina alama zake mpaka leo. Za fimbo. Za Hesabu sina."

"Kidato cha kwanza," aliendelea Latifa. "Siku ile ya kwanza kabisa. Mnakumbuka?"

Walikumbuka. Walikuwa wamejaa chumba kimoja kama dagaa wa gunia, wengine wamekalia ndoo, Mwinshehe amekalia tofali. Mwalimu Rogers aliingia, akauliza, "Waluguru humu wako wangapi?" Nusu ya darasa wakanyoosha mikono. "Poleni kwa kushuka," akasema. "Miguu imeshazoea tambarare, au bado mmoja mfupi?" Hakuna aliyecheka. Walidhani ni swali la Hesabu. Shabani wa mbele, aliyekuwa na bidii wakati ule, alisimama akajibu, "Imezoea, mwalimu." Mwalimu akamtazama kwa muda, akageukia ubao, akaandika sehemu na desimali.

"Alituchukia toka siku ile," alisema Jackson.

"Kidato cha pili, upupu kwenye kiti," alisema mwingine kwa sauti ndogo.

Upupu ulikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa wanatazama dari.

"Lakini hakusema kitu," alisema Latifa. "Alifundisha wiki nzima amesimama. Akasema tu, 'Huu upupu wa mlimani hauna nguvu, kwetu upo unaotoa ngozi.'"

"Kwa hasira."

"Kwa hasira, eeh."

"Na kidato cha tatu? Ile safari ya Jiografia ya kupanda Morningside? Watu wa zamu walikimbia wakaacha sufuria la wali njiani. Nani alilibeba?"

Mwalimu Rogers ndiye aliyelibeba. Alilitwika kichwani bila kata, akapanda nalo mlima mpaka juu, akiwapita mmoja mmoja waliokuwa wamelala pembeni ya njia kama nguo zilizoanikwa. Tena alikuwa anaimba, wimbo wa kwao, mrefu.

"Aliimba kwa hasira," alisema Jackson, safari hii bila uhakika.

"Haya, tusizunguke mbuyu," alisema Shabani. Kidato cha nne kilikuwa kimemwondolea bidii yote na kumwachia ndevu tatu. "Kosa tunalijua. Kosa limekaa pale."

Wote wakageuka kumtazama Mwinshehe.

Siku ya mahafali, mbele ya wazazi na mgeni rasmi, baada ya risala na kabla ya pilau, wahitimu walikuwa na igizo. Mwinshehe aliigiza walimu. Alipofika kwa Mwalimu Rogers alichukua gunia, akalijaza magazeti, akalitupia begani, akavuka jukwaa kwa mwendo ule wa kwenda mbali: magoti yamekunjika, shingo imezama, jasho la maji ya kunywa linatiririka. "Hii ni hesabu," akasema kwa sauti ileile nzito, "siyo ngoma ya mwali! Nani ananitua?" Uwanja ulipasuka. Mgeni rasmi alicheka mpaka akavua miwani. Madam Theresia alikohoa, lakini kikohozi kilikuwa na meno. Mwalimu Rogers peke yake hakucheka. Aliinuka katikati ya kicheko, akatoka nje ya turubai, na hakurudi mpaka pilau lilipokwisha.

"Mimi sikujua kama ataumia," alisema Mwinshehe.

"Hilo ni la kutokujua," alisema Jackson, mpole. "Lipo kwenye kapu."

"Kapu limekataliwa!" alifoka Shabani. "Wewe ndiye uliyetuua, wewe ndiye utakayetufufua. Jumatatu ni mtihani. Mimi nikifeli kwa ujinga wangu, sawa, huo ni wangu. Lakini nikifeli kwa gunia lako, Mwinshehe, mama yangu atakuja kulala kwenu."

*

Jumamosi asubuhi Mwinshehe, Latifa na Jackson walikwenda nyumbani kwa Mwalimu Rogers, nyumba ya kupanga kulekule Mafiga, yenye ua wa mabati na jogoo mmoja mwekundu mwenye tabia za mwenye nyumba. Walikuwa wamevaa sare zilizopigwa pasi. Walipiga hodi, wakaamkia, wakapiga magoti kwenye saruji, watatu kwa mpigo, kama walivyokubaliana njiani.

"Mwalimu wetu mpendwa," alianza Mwinshehe, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alitumia sauti yake mwenyewe, akashangaa ilivyo nyembamba. "Nimekuja kukiri kosa langu. Nilikudhalilisha mbele ya watu. Sina adabu. Sistahili kuitwa mwanafunzi wako. Naomba unisamehe mimi, na uwasamehe wenzangu ambao hawana hatia."

Latifa akatoa machozi mawili, yaliyotayarishwa. Jackson akasema amina.

Mwalimu Rogers aliwasikiliza mpaka mwisho. Uso wake, ambao hausemi, ulionekana kama unasema kitu, lakini kwa lugha ya mbali. Nyuma yake, mlangoni, mke wake Mama Mikaeli aliwatazama na kutikisa kichwa kwa huzuni, kama anayeangalia mgonjwa.

"Mmeomba vizuri," alisema mwalimu. "Kwa heshima kabisa. Magoti na kila kitu."

"Ndiyo, mwalimu," walisema.

"Sasa ndiyo sisamehe kabisa."

Akafunga mlango. Jogoo akawasindikiza mpaka barabarani.

*

Siku hiyohiyo mchana, Bibi Mwanvita alishuka kutoka Mlali. Huyu ndiye bibi mzaa mama wa Mwinshehe, mwanamke mdogo kama kijiti cha kiberiti na mwenye kazi ileile. Alikuwa ameleta ndizi, magimbi na maombi kwa ajili ya mtihani. Alimkuta mjukuu wake amelala kwenye mkeka, uso ukutani.

"Mume wangu," alisema Bibi, maana ndivyo alivyomwita tangu kuzaliwa. "Mwanamume gani analala mchana mke wake amesimama na magimbi kichwani? Ndiyo maana nilitaka kuolewa na kaka yako."

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mvivu. Unaumwa nini?"

Mwinshehe akamweleza. Hakuficha kitu: igizo, radhi, magoti, mlango. Alipomaliza, Bibi alikuwa amekaa kwenye ndoo, amemkazia macho.

"Mwalimu mwenyewe mtu wa wapi?"

"Tabora. Mnyamwezi."

Bibi Mwanvita alifungua mdomo, ukabaki wazi. Kisha kicheko kikaanza tumboni, kikapanda, kikamkaba, mpaka shangazi mtu akatoka jikoni kumpiga mgongoni.

"Mmempigia magoti Mnyamwezi?" alisema alipopata pumzi. "Mnyamwezi! Mmemwomba ra... Yalaa! Uwiii! Mwinshehe, mtoto wa binti yangu, umempigia magoti mtani wako?"

"Bibi, yule ni mwalimu."

"Ualimu kazi. Utani damu. Wewe unajua Mnyamwezi akifika kwetu anafanyaje? Marehemu mjomba wako alipozikwa, Mnyamwezi mmoja alilala mle kaburini, akakataa kutoka mpaka tumpe kuku. Tulilia tukacheka, tukacheka tukalia. Mtani unamtukana, anakutukana. Unaingia kwake unabeba unachotaka. Hawezi kununa! Akinuna, kwao watamshangaa. Ila kitu kimoja humfanyii." Akainua kidole chembamba. "Humwombi radhi. Ukimwomba radhi umemwambia: wewe kwangu ni mgeni. Umemvua undugu, mwenzangu. Na sare umempigia pasi!"

Mwinshehe alikaa kitako. Kichwani mwake miaka minne ilianza kujipanga upya. Mguu mmoja mfupi. Upupu usio na nguvu. Ule wimbo mrefu chini ya sufuria.

"Twende wote, Bibi."

"Mimi? Mimi nikimwona Mnyamwezi nitamchukua yeye mwenyewe, ubaki huna mwalimu wala mke. Nenda mwenyewe. Ulimtania mbele ya watu elfu, sasa mtanie mbele yake."

"Na kama hayuko hivyo? Kama hawa wa siku hizi wamesahau?"

Bibi alifikiri, akimenya gimbi.

"Basi atakuchapa," alisema. "Lakini si ulishachapwa?"

*

Jumapili, watu walipokwisha kutoka kanisani, kidato cha nne B kilisimama kwenye kona ya duka, mbele kidogo ya nyumba ya mwalimu, kikijifanya kinanunua vocha. Hawakujua mpango. Mwinshehe aliwaambia tu anakwenda kumaliza. Shabani alimshika mkono kama anayemuaga askari.

Kuigiza watu nyuma ya migongo yao ni kazi rahisi, mgongo haujibu. Mwinshehe alikuwa bingwa wa migongo. Sasa alikuwa anakwenda kwenye uso, tena uso ule, bila jukwaa, bila gunia, bila watu wa kucheka wakamfichia woga. Akiwa amekosea, basi tusi la pili juu ya la kwanza, siku moja kabla ya mtihani, na darasa zima mgongoni kwake. Magoti yalimwambia: tupige. Aliyakatalia.

"Hodi!"

"Nani?" ilitoka sauti nzito.

"Mwenye mlima."

Mwinshehe akausukuma mlango wa bati, akaingia bila kukaribishwa. Mwalimu Rogers alikuwa amekaa kwenye stuli uani, suruali imekunjwa hadi magotini, anaosha viatu. Jogoo alisimama karibu naye kama msaidizi. Mwinshehe hakuamkia. Hilo peke yake liliuma ulimi, maana mtoto wa Morogoro anaamkia hata nguzo ya umeme ikiwa na umri. Alikwenda moja kwa moja kwa jogoo, akamkamata mabawa, akamtia kwapani.

"Unafanya nini?" aliuliza mwalimu, taratibu.

"Nachukua jogoo wangu."

"Jogoo wako?"

"Mwalimu, kila alichonacho Mnyamwezi si chake," alisema Mwinshehe, na sauti ikamtetemeka, kisha ikapata pa kukanyaga. "Amebebeshwa tu."

Uso wa Mwalimu Rogers haukusema neno. Maji yalidondoka kutoka kwenye kiatu: to, to, to. Mwinshehe alifikiria redio, akaiaga. Akaona sasa hata akikimbia, amechelewa, bora amalize.

"Babu zako walipita hapa chini ya milima yetu wanakwenda pwani, pembe za ndovu za watu kichwani. Babu zangu walikuwa juu wamekaa wanakula ndizi, wanawaangalia. Wakasema, jamani, wale nao watu, au ni vichuguu vinavyotembea?"

Kutoka jikoni kulisikika kishindo cha mwiko kuanguka. Kisha mayowe.

"Baba Mikaeli!" Mama Mikaeli alitokea mlangoni, mikono yote ina unga. "Baba Mikaeli, wamekuja! Si nilikwambia watakuja? Wamekuja wenyewe!"

Na ule uso, ambao kwa miaka minne haukumwambia mtu kitu, ukafunguka. Ulianzia kwenye jicho moja, ukashuka mdomoni, kikatoka kicheko kikubwa cha mtu anayetua mzigo kwenye kituo.

"Wewe!" alisema Mwalimu Rogers, akisimama na kiatu mkononi. "Wewe kiumbe cha mteremkoni! Nyinyi mkizaa mtoto si mnamfunga kamba kwenye mgomba asiporomoke mpaka Mzinga kule bondeni? Wewe kamba yako ilikatika? Nani amekufundisha kuongea na watu wa tambarare?"

"Nimejifundisha mwenyewe. Mwalimu wangu alikuwa anabeba mizigo, hakuwa na nafasi."

"Mluguru akifa shambani kwake anazikwa wilaya nyingine!" alisema mwalimu, machozi yakimtoka. "Mpaka wamkamate, kashavuka mpaka! Miaka minne! Miaka minne nawatania, nyinyi 'ndiyo mwalimu, hapana mwalimu'. Nikamwambia mama huyu, Waluguru wamekwisha, imebaki milima tu. Ile siku ya mahafali..."

"Ulitoka nje, mwalimu. Tulidhani umekasirika."

"Nilitoka kumpigia simu kaka yangu Urambo! Nilimwambia, sikiliza, sikiliza makelele hayo, nimetaniwa mbele ya mgeni rasmi, na gunia juu! Kaka akanunulia watu soda. Halafu Ijumaa mnakuja mmeinama kama mnazika. Jana magoti. Magoti, mimi! Nikasema, kumbe wale hawakunitania. Walinicheka tu." Aliposema hilo sauti ilishuka kidogo, na kwa muda mfupi Mwinshehe akamwona mtu aliyekaa ugenini miaka mingi akipiga hodi kwenye nyumba isiyoitikia. Kisha kiatu kikainuliwa tena. "Tena uliniigiza vibaya! Nabeba bega lipi?"

"La kulia."

"La kushoto! Miaka minne unaniangalia mimi badala ya ubao, halafu bega unakosea? Ungeangalia ubao ungepata hata sitini."

Mwinshehe alicheka. Alicheka mpaka magoti aliyoyakatalia yakajikunja yenyewe, akakaa kwenye saruji, jogoo kwapani akilalamika. Kitu fulani kilichokuwa kimemkaa kifuani tangu Ijumaa kilishuka, na kumbe kilikuwa cha tangu kidato cha kwanza, tangu lile tofali.

"Kwa hiyo, mwalimu, umetusa..."

"Ukimalizia neno hilo nakutoa nje."

"Sijalimalizia."

"Hakuna cha kusamehe. Upupu nao nilikuwa nawajua wenyewe, nikanyamaza niwaone watajitaja lini. Nenda."

"Lakini mwalimu, si wote Waluguru. Latifa ni Mrangi. Jackson wa Mbeya. Na Shabani sijui ni nini, anasema Mzaramo."

"Mzaramo mtani wangu, mwambie Shabani ana ndevu za mbuzi mgonjwa. Hao wengine wasio watani waje kesho getini mapema, wapange mstari, niwasamehe rasmi kama serikali. Wewe subiri." Akamnyooshea kiatu. "Jogoo hatoki hapa mpaka uniambie mzingo wa duara."

Mwinshehe alifikiri. Alitazama mlima, ukamnyamazia.

"Urefu mara upana," akasema.

Mwalimu Rogers alifumba macho kwa maumivu. "Mama Mikaeli," aliita, "lete chaki."

*

Alipotokea barabarani, jua lilikuwa limeshapita utosi, mikono yake ilikuwa na chaki mpaka kwenye viwiko, na jogoo alikuwa amekata tamaa. Kidato cha nne B kiliacha kununua vocha.

"Amekusamehe?" aliuliza Latifa.

"Hapana."

Jackson alifumba macho. Shabani alikamata kichwa kwa mikono miwili.

"Amenitukana," alisema Mwinshehe. "Mimi, na mama yangu, na babu zangu, na mlima wenyewe. Shabani, na wewe umetukanwa. Ndevu."

Walimtazama. Alikuwa anacheka, na hakuwa anacheka kama mtu yeyote waliyewahi kumsikia akimwigiza. Akawaeleza yote palepale, jogoo, simu ya Urambo, bega la kushoto. Alipofika kwenye magoti, Latifa alikaa chini barabarani na gauni lake la Jumapili, akacheka mpaka machozi yakamtoka, safari hii bila kuyatayarisha. Shabani alishika ndevu zake, akauliza mara mbili kama kweli zimetajwa, akaonekana kama mtu aliyepewa cheti. Mama mmoja aliyekuwa anapita na ndoo aliuliza kuna msiba au harusi. Wakamwambia ni mtihani.

Jackson alikuwa bado hajaelewa vizuri.

"Kwa hiyo tusali," aliuliza, "au tusisali?"

"Salini," alisema Mwinshehe. "Mwalimu tumemaliza. Hesabu zenyewe bado ni ngumu."